Kosa la Kasuku

Siku Kasuku alipokufa, koti lake lilikuwa kwa dobi. Lilikuwa limetandazwa juu ya meza ya pasi, mikono huku na huku kama mtu aliyeamriwa asijongee, na aliyekuwa akilinyoosha ni binti yake mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Pasi ilikuwa inatoa mvuke, na vifungo vya shaba vilikuwa vimeshafunikwa kitambaa ili visikwaruzwe, kama alivyovifunika kila wiki kwa miaka mingi. Simu ikaita. Alikuwa kaka yake, fundi simu.

“Mwanasheria,” akasema, “zima pasi.”

Mtu haambiwi azime pasi saa nne asubuhi kwa habari njema. Alizima, akavua aproni, akamwambia mama mwenye duka kwamba anakwenda nyumbani. Mama mwenye duka, ambaye kwa kawaida humuuliza mtu maswali kumi kabla ya kumruhusu kwenda hata msalani, siku hiyo hakuuliza hata moja. Koti likabaki juu ya meza, upande mmoja umenyooka, upande mwingine una mikunjo.

Mwanasheria halikuwa jina lake wala kazi yake. Ni baba yake aliyempachika jina hilo tangu ana miaka sita, kwa kuwa mtoto yule alikuwa mbishi kupindukia. Akiambiwa anawe mikono, anauliza ushahidi wa uchafu uko wapi. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo kesi zote zilisikilizwa na baba, na baba alishindwa karibu zote, akicheka. Sheria yenyewe binti hakuisomea. Alimaliza sekondari, akapata kazi kwa dobi, akabaki hapo. Wanasheria wa kweli aliwajua kwa kola za mashati yao tu.

Kasuku naye alipewa jina na watu. Alikuwa msimuliaji wa picha. Alikuwa na banda la mabati lenye mabenchi kumi na mawili na televisheni moja kubwa iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma, na picha zote zilizoonyeshwa humo zilikuwa za nje, za lugha ambazo watu wa mtaa hawakuzijua. Kasuku aliketi kwenye stuli kando ya kabati, kipaza sauti mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye kitufe cha sauti. Wenye picha wakianza kusema, anaipunguza sauti yao, anasema yeye. Alikuwa jambazi, alikuwa polisi, alikuwa bibi harusi na mama mkwe wake. Hata mbwa wa picha alibwekewa na Kasuku. Zile lugha alizijua nusu nusu, na nusu iliyobaki aliipika mwenyewe, wala hakuna aliyewahi kulalamika kwamba chakula kimekosa chumvi. Picha nzuri aliirekodi ikiwa na sauti yake, akaihifadhi kwenye kanda, ili siku koo likigoma banda lisilale.

Lile koti la bluu lilikuwa vazi lake la kazi. Lilikuwa la mtumba, refu, zito, lenye mabega mapana na vifungo sita vya shaba. Alilipenda kwa sababu, alivyosema, mtu mwenye sauti arobaini anahitaji koti la kuwatosha wote.

Na kwa koti hilo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mwanasheria alikuwa na miaka kumi na sita, yuko shule ya bweni, katikati ya wasichana ambao baba zao walikuwa na ofisi na viti vya kuzunguka. Akaona aibu kusema kwamba baba yake hubwekea mbwa kwenye banda la mabati. Akasema baba yake ni mtangazaji wa redio. Uongo huo aliupenda kwa kuwa ulikuwa na chembe ya ukweli ndani, na uongo wa namna hiyo hausumbui usingizi.

Jumamosi moja Kasuku akaja shuleni bila taarifa. Binti alikuwa amesahau nyumbani viatu vyake vyeusi. Baba akavipeleka kwa fundi viatu vikashonwa soli, akapanda gari asubuhi, akavileta. Alisimama getini na koti lake, begi la plastiki mkononi, sauti imekauka kwa picha mbili za siku iliyopita. Mwanasheria alikuwa anatembea na wenzake watatu.

“Yule nani anakupungia mkono?” mmoja akauliza.

“Nani? Yule?” akasema. “Mlinzi wetu.”

Wakati huo walikuwa wamemkaribia, hatua nane, pengine sita. Aliona masikio ya baba yake yakisikia. Akangoja ardhi ipasuke, lakini ardhi haipasuki kwa agizo la mtu. Kasuku aliwatazama wale wasichana mmoja mmoja, akamtazama binti yake, kisha akakutanisha visigino vyake tap!, akapiga saluti.

“Shikamoo binti wa bosi!” akasema, kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu aliyekesha getini miaka thelathini. “Bosi ameniagiza nilete viatu.”

“Mbona hakuja mwenyewe?” akauliza yule mwenzake.

“Yuko hewani leo,” Kasuku akajibu bila kusita. “Redio haisubiri mtu, mama.”

Jambo la redio hakuwa ameambiwa na yeyote. Alilibahatisha kwa harufu tu, jinsi alivyokuwa akibahatisha lugha za picha, akalitia penyewe. Wasichana walicheka, wakampenda. Mmoja akasema, “Mpeni mlinzi mkate,” akamegewa nusu ya mkate wa sukari. Akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka huku akitembea kama mlinzi mpaka alipopinda kona ya ukuta.

Likizo ilipofika, Mwanasheria alirudi nyumbani akiwa amejiandaa kwa kesi. Alikuwa na utetezi wa kila aina. Lakini kesi haikuletwa. Baba alimuuliza habari za masomo, akamwita Mwanasheria kama kawaida, akampakulia chakula. Siku ya tatu binti akajaribu kusema neno, neno likakwama. Siku ya kumi hakujaribu tena. Akachukua lile koti, akalifua, akalipiga pasi. Baba akalivaa, akasema, “Sasa hata mawaziri watanionea wivu.” Basi. Tangu hapo akalipiga pasi kila likizo, na alipomaliza shule kila wiki, akidhani pasi inasema. Kumbe pasi haina mdomo.

Mwaka uliofuata ikaja Picha ya Kiroboto.

Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Ilikuwa picha ya kuchekesha, ya ajabu ajabu, juu ya msichana wa miaka kumi na sita ambaye Kasuku alimwita Kiroboto. Ilipendwa kuliko picha zote za mapigano. Mwanasheria hakuiona, kwa kuwa alikuwa ameacha kukanyaga bandani, lakini aliisikia mitaani. Siku moja, amesimama foleni ya maji, mtoto wa jirani alitumwa ndoo akajibu, “Kwani nilituma barua ya kuomba kuzaliwa?” Foleni nzima ikaangua kicheko. “Kiroboto huyo!” wakasema.

Damu ilimpanda kichwani. Maneno yale yalikuwa yake. Alimwambia baba yake maneno yaleyale, vilevile, akiwa na miaka kumi na tano, juu ya ndoo ileile ya maji. Na hayakuwa peke yake. “Mimi sina njaa, nina msimamo.” Lake. “Usiniangalie kama mkaguzi.” Lake. Baba yake alikuwa amemchukua binti yake mzima mzima, amemtia mdomoni mwa kiumbe asiyependwa na mtu, na mtaa mzima unamcheka.

Ndipo alipojiambia: basi, kanilipiza. Nilimfanya mlinzi mbele ya watu watatu, naye kanifanya kiroboto mbele ya mtaa. Tumelingana. Wazo hilo alilishika kama fimbo, akatembea nalo miaka kumi na saba. Akaendelea kupiga koti pasi, lakini neno la msamaha akalitoa kichwani, maana anayedaiwa na anayedai wakilingana, nani atamwomba nani?

Mwezi mmoja baada ya mazishi, kaka yake alikuja kwa dobi mchana, akasimama mbele ya kaunta kama mteja.

“Watu wanataka tufungue banda siku moja tumkumbuke mzee,” akasema. “Wamechagua Kiroboto.”

“Picha zote hizo, wakachagua ile?”

“Fundi viatu amesema isipokuwa Kiroboto yeye haji. Na wewe unajua fundi viatu asipokuja, benchi la mbele linabaki kama pengo la jino.” Akainama kidogo. “Kanda ni kuukuu. Naihamishia kwenye kompyuta, lakini nahitaji macho mengine ya kunionyesha palipoharibika. Njoo Jumapili, mdogo wangu.”

“Sitaki kuiona.”

“Wewe peke yako mtaa huu hujaiona. Shangazi ameiona mara tisa, na shangazi haoni vizuri.”

Jumapili asubuhi akaenda. Duka la kaka yake lilikuwa chumba chembamba chenye meza moja, taa ya kuinamisha, na vikopo vya skrubu ndogo kama punje za mchele. Shangazi yao, dada mkubwa wa Kasuku, mwanamke mwenye ulimi usiojua breki, alikuwa ameshakaa kwenye kiti pekee cha maana.

“Karibu, mheshimiwa,” shangazi akasema. “Leo utajiona.”

“Nitajiona vipi, shangazi?”

“Nyamaza tuangalie.”

Sauti ya baba ilipotoka kwenye spika, changa, yenye nguvu, kabla ya kikohozi cha miaka ya mwisho, wote watatu waliangalia sakafu kwanza. Kisha wakainua macho.

Kiroboto alikuwa amejikata nywele mwenyewe upande mmoja, upande mwingine akauacha. Alivaa koti la mvua juani. Alifuga bata bukini kilema aliyemburuta kwa kamba hadi darasani. Baba yake aliuza aiskrimu kwa kigari chenye koni kubwa ya plastiki juu ya paa, na Kiroboto, kwa kuona haya, aliwaambia watu wa shule kwamba baba yake amekufa maji. Wakampa pole. Wakampa biskuti. Pole zikamnogea, akaongeza chumvi: meli, dhoruba, papa wawili. Mwalimu mkuu akalia. Mwisho wake shule ikaandaa ibada ya kumkumbuka marehemu uwanjani, na kwa kuwa kulikuwa na umati, baba mtu, bila kujua lolote, akaingia na kigari chake, muziki unalia, kuwauzia waombolezaji wake mwenyewe aiskrimu.

Mwanasheria alicheka. Hilo ndilo lililomuumiza kwanza. Bata alipokula shada la maua alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na katikati ya kicheko akakumbuka anacheka nini, kikakatika. Picha yenyewe wala hakuiona nzuri. Mahali pengine ilikokota, pengine ilimcheka kila mtu bila kuchagua, hata kiziwi wa duka la vitabu ambaye hakuwa amemkosea mtu. Na yule msichana! Hakuna alilolifanya kwa wema. Alifungua barua za jirani. Alimwambia rafiki yake wa pekee kwamba ananuka huzuni. Mwanasheria alitamani kumzaba kofi, na kila alipotamani, Kiroboto alifungua mdomo na maneno yakatoka, yale yale ya ndoo na ya msimamo, kwa sauti nyembamba ya baba yake akijifanya msichana. Akaona haya kwa ajili ya yule msichana kama mtu anavyoona haya kwa ajili ya ndugu. Akataka kumfunika nguo.

“Huyu si mtoto, ni adhabu,” kaka yake akasema, akicheka.

“Mimi namjua mmoja,” shangazi akasema, akitazama dari.

Kisha ikaja ile sehemu karibu na mwisho. Uwanja umebaki mtupu, viti vimepinduka. Kiroboto anaingia kwenye kigari, anakaa kando ya baba yake, bata katikati. Kigari kinaondoka. Wanapita mtaa mrefu wa miti.

“Baba,” ikasema sauti ile nyembamba, “nilikuua kwa sababu ya koni ya plastiki. Niliona haya juu ya kitu kilichonilisha. Nilipokuona umesimama pale, nilitaka kukuita jina lako, ulimi ukaita lingine. Nisamehe, baba. Sijui kuomba msamaha, kwa kuwa kesi zote uliniachia nishinde.”

Mwanasheria alikuwa amesogea karibu na kioo cha kompyuta. Alikuwa anatazama mdomo wa yule msichana. Mdomo ulikuwa umefungwa. Kigari kinakwenda, miti inapita, bata anapiga miayo, na mdomo wa Kiroboto umefumbwa kama bahasha. Msichana anatazama nje ya dirisha. Hasemi kitu. Katika picha yenyewe hakuna aliyesema kitu. Walioitengeneza waliweka muziki tu, kinanda kidogo, na Kasuku alikuwa ameupunguza ule muziki kwa mkono wake wa kushoto ili apate nafasi ya kusema.

Baba wa kwenye picha naye hakufungua mdomo. Alibadilisha gia. Na hapo Kasuku akaacha sauti zake zote za kuigiza, akasema kwa sauti yake ya nyumbani, ile ya kumpakulia mtu chakula:

“Mlinzi amesikia.”

Kigari kikapinda kona, picha ikaendelea.

“Hapo!” kaka yake akabonyeza, picha ikasimama. “Kosa la Kasuku hilo. Mtu anauza aiskrimu, mzee anamwita mlinzi. Miaka yote hii watu wanamcheka. Nafikiri alichanganya na picha ya mapigano ya siku ile.” Akachukua kalamu, akaandika dakika kwenye karatasi. “Nitalikata. Pale alipokohoa nimeshakata, na hili nalikata. Sitaki siku ya kumkumbuka mzee watu wamcheke kwa kukosea.”

Mwanasheria alifungua mdomo. Jambo lilikuwa rahisi: akinyamaza, kaka yake angebonyeza mara mbili, na jibu pekee ambalo baba yake aliwahi kumpa lingetoweka, wala hakuna mtu duniani angejua kwamba lilikuwepo. Na angebaki salama. Shule ile hakuna aliyeijua habari yake ila yeye na wasichana watatu ambao labda walishasahau. Angekunywa chai, angerudi nyumbani.

“Usikate,” akasema.

“Kwa nini?”

“Usikate tu.”

“Mwanasheria, ‘tu’ si ushahidi. Wewe ndiye uliyetufundisha.”

Shangazi aliacha kutazama dari.

“Hakukosea,” Mwanasheria akasema. Akaweka mikono yake juu ya magoti, mikono yenye alama ndogo ndogo za kuunguzwa na pasi, akaitazama. “Nilimwita mlinzi. Nikiwa shule. Alikuja kuniletea viatu, wenzangu wakaniuliza yule nani, nikasema mlinzi wetu.”

Kaka yake hakuelewa mara moja. “Ukamwita mlinzi nyuma ya mgongo wake?”

“Mbele yake. Alisikia.”

“Akafanya nini?”

“Akapiga saluti.”

Akawasimulia yote, redio, visigino, mkate wa sukari uliopokelewa kwa mikono miwili. Alisimulia bila kujitetea, na aligundua kwamba habari nzima, aliyoibeba nusu ya umri wake, ilichukua muda mfupi kuliko kupiga pasi shati moja.

“Ile Jumamosi ya viatu,” kaka yake akasema polepole. “Nakumbuka. Alirudi jioni, akaniambia funga banda, koo linauma. Watu walikuwa wameshakaa. Ndiyo siku pekee aliyowahi kuwarudisha watu. Nikamwambia, baba, si tuweke kanda? Akasema leo sitaki kusikia sauti yangu.” Akavuta pumzi. “Nilidhani ni koo.”

Mwanasheria alizidi kuitazama mikono yake.

“Mfukoni alikuwa na kipande cha mkate,” kaka yake akaendelea. “Akanipa. Nikala.”

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya. Mwanasheria aliona uso wake unawaka mpaka masikioni, kama mtu aliyeinamia mvuke.

“Mimi nilijua kuna kitu,” shangazi akasema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. “Nilimuuliza, mdogo wangu, mbona yule mtoto hafungui mdomo na wewe unasema? Akaniambia, dada, anasema moyoni, mimi namsaidia kwa sababu ni mzito. Nikasema na huyo mlinzi? Akacheka, akasema hilo ni la mtu mmoja tu mwenye tiketi, akija atalisikia.” Akajifuta pua na ncha ya khanga. “Hukuja.”

“Nilidhani ananicheka.”

“Alikucheka, ndiyo! Kwani hukustahili kuchekwa? Lakini aliyekucheka saa moja na nusu alikuombea msamaha mwishoni. Wewe ulisikia kicheko, ukafunga mlango.”

Kaka yake akachukua ile karatasi ya dakika. Akafuta mstari mmoja kwa kalamu, akabaki ameshika kalamu.

“Watamcheka,” akasema.

“Nitawaambia.”

“Sikulazimishi.”

“Najua.”

Siku ya kumkumbuka ilikuwa Jumamosi. Banda lilifagiliwa, mabenchi yakafutwa vumbi. Stuli ya Kasuku iliachwa mahali pake kando ya kabati, na juu yake Mwanasheria aliweka lile koti, limenyooka pande zote mbili. Fundi viatu aliketi benchi la mbele, miguu imetanuliwa kama mwenye nyumba. Watu walijaa mpaka mlangoni. Picha ilipoanza, wengine walikuwa wanasema maneno ya Kiroboto kabla Kiroboto hajayasema, na sauti ya Kasuku ilionekana kuwafuata wao. Walicheka sana. Wengine walilia wakicheka, na haikujulikana kipi ni kipi.

Mwanasheria alisimama nyuma, mgongo ukutani. Kigari kilipoingia mtaa wa miti, banda likatulia. Yule msichana wa kwenye picha akaomba msamaha kwa mdomo uliofumbwa. Gia ikabadilishwa.

“Mlinzi amesikia.”

Banda likalipuka. “Kosa la Kasuku!” walipiga kelele, kama watu wanaokutana na rafiki. Fundi viatu akapiga goti lake kwa kofi. “Hapo ndipo ninapomkumbuka! Nilimuuliza mwaka hata mwaka, Kasuku, mlinzi katokea wapi? Akaniambia, muulize mwenye viatu. Mimi fundi viatu, ananidhihaki!”

Picha ilipokwisha, kaka yake akawasha taa. Hakumtazama dada yake. Alijishughulisha na waya. Mwanasheria alitembea katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasimama kando ya stuli. Watu walidhani anataka kuwashukuru kwa kuja, wakaanza kumpa pole.

“Baba hakukosea,” akasema. “Mlinzi ni yeye. Nilikuwa shule, nikaona haya, nikawaambia wenzangu huyu ni mlinzi wetu. Viatu alivyoniletea ulivishona wewe, mzee.”

Fundi viatu alimtazama, kisha akatazama viatu alivyovaa siku hiyo, kana kwamba ni vile vile.

“Vyeusi,” akasema. “Soli ya mpira. Alisimama dukani kwangu mpaka nikamaliza, alikuwa na haraka.”

“Ndivyo.”

Alingoja waseme kitu. Alitaka hata mmoja amzomee. Mtu mmoja akakohoa. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto akasema, “Basi, mwanangu,” lakini akasema huku anatazama mlango. Wakaanza kutoka, polepole, bila kusukumana, wakimpita bila kumgusa kwa macho, kama watu wanavyompita mtu aliyekutwa bafuni. Fundi viatu alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya stuli, akalishika koti kwenye bega, akalipigapiga mara mbili, akatoka. Kwa Mwanasheria hakusema neno.

Jumatatu, kwa dobi, wateja wawili waliokuwepo bandani walileta nguo, wakapokea vikaratasi vyao vya namba, wakaondoka bila utani wao wa siku zote. Mama mwenye duka akauliza kuna nini. Mwanasheria akamweleza.

Koti sasa linakaa bandani, kwenye stuli. Banda linafunguliwa siku ya Jumamosi, na Picha ya Kiroboto inaanza saa tisa alasiri. Walioisikia habari wakifika pale kwenye kigari huinamisha vichwa. Wageni hucheka.